Mwanabibi Aliijua Sukari

Watu wa afya wanaokuja kutufundisha kliniki hupenda kusema kwamba mgonjwa wa sukari akipofuka au akikatwa mguu, ni kwa kukosa elimu. Nimefundisha shule za msingi miaka thelathini na minne, sina ugomvi na elimu. Lakini kila nikisikia maneno hayo namkumbuka Mwanabibi, basi nainama, natazama sakafu mpaka wahamie jambo lingine.

Mwanabibi alikuja kwangu Ruangwa mwaka ule niliostaafu. Alikuwa Mmakua wa Kilimarondo, huko mwisho kabisa wa Nachingwea, mjane wa miaka arobaini na kitu, mwanamke wa mwili, mwenye sauti nzito. Binti yake pekee, Mwamina, alikuwa ameshaolewa kijijini. Mimi mume wangu alikuwa amefariki, watoto wangu wawili, Rogath na Teddy, wanafanya kazi Dar es Salaam, na sukari ilikuwa imenianza miaka michache nyuma. Nilihitaji mtu wa kunipikia. Parokiani waliniletea wasichana wawili, wakakimbia mmoja baada ya mwingine, kwa sababu nina ukali wa kiualimu. Jirani yangu anayeswali msikiti wa sokoni ndiye aliyeniletea Mwanabibi. Huyu hakukimbia. Siku nilipomfokea mara ya kwanza alinitazama, akasema, "Mwalimu, mimi si darasa la tatu," akaendelea kumenya muhogo.

Hakujua kusoma. Namba tu ndizo alizozijua, na alizijua vizuri, kwa sababu aliwahi kuuza ufuta kwenye mizani ya walanguzi na walijaribu kumwibia mara nyingi.

Siku za kliniki alinisindikiza. Muuguzi wetu, dada Prisila, alikuwa anatupa somo kabla ya vipimo: kula nini, kuacha nini, kutunza miguu namna gani. Mimi nilikaa kwenye benchi nikisinzia, maana nilijiona najua. Mwanabibi alisikiliza kama mtu anayeelekezwa njia ya kurudi kwao. Tulipofika nyumbani akaanza kutenda. Sembe ikatoka, dona ikaingia. Matembele, mchunga na mlenda vikawa vya kila siku. Ugali wangu aliupima kwa ngumi yake mwenyewe. Jioni aliniosha miguu kwa maji ya uvuguvugu, akaikausha katikati ya vidole, akaikagua kama mtu anayechagua mbegu. Rogath alikuwa amenitumia mashine ndogo ya kupimia sukari na vikaratasi vyake, na kila asubuhi kabla sijatia kitu kinywani Mwanabibi alinitoboa kidole, akasoma. "Sita nukta nane. Leo tumefaulu." Ikipita kumi alinihoji mpaka nikakiri soda niliyokunywa kwenye harusi.

Daktari alikuwa akiniambia, "Mwalimu Dionisia, sukari yako imetulia, ungewafundisha wenzako." Nami nilijibu kwamba namshukuru Mungu. Sikumbuki kama nilimtaja Mwanabibi hata mara moja.

Hata hivyo, sukari ilikuwa imeshanitangulia kwenye macho kabla hajaja. Mwaka wa tatu wa kukaa naye nilianza kuona nyuzi nyeusi zikielea mbele yangu, nikigeuka nazo zinageuka. Nikapewa rufaa kwenda Dar es Salaam, bima yangu ya ustaafu ikabeba matibabu yote, na Mwanabibi akanisindikiza.

Daktari wa macho alikuwa kijana mpole, mwenye miwani. Alinitia dawa ya kupanua mboni, kisha akaweka picha ya ndani ya jicho langu kwenye skrini. Mimi sikuona kitu, ukungu mtupu. Mwanabibi ndiye aliyesogea kutazama.

"Hili ni pazia la nyuma ya jicho," daktari akamwonyesha. "Hivi vyekundu ni mishipa midogo. Sukari imeiharibu, inavuja damu. Tutaichoma kwa mionzi isiendelee kuvuja."

"Na isipochomwa?"

"Siku moja itapasuka, jicho lijae damu. Halafu pazia litavutwa mpaka lichanike. Likishachanika hatuna la kufanya."

"Maumivu yanaanza lini, ili mtu ajue?"

"Hakuna maumivu, mama. Ndiyo ubaya wake." Daktari akacheka kidogo. "Wewe ni muuguzi?"

"Mimi mpishi," Mwanabibi akasema.

Tulikwenda mara tatu. Kila mara alinishika mkono kutoka mlango wa hospitali hadi kwenye gari la Teddy, akinitajia ngazi moja moja. Nyuzi zikapungua, macho yakatulia, nikarudia kusoma.

Mwaka mmoja hivi baada ya hapo niliona kwamba gauni za Mwanabibi zinampwaya. Mtungi wa maji ya kunywa jikoni ulikuwa unakwisha upesi kuliko zamani. Ilikuwa wakati wa mfungo wa Ramadhani, nikamtania kwamba mfungo umemkausha. Mfungo ukaisha, Idi ikapita, mwili haukurudi. Niliona, sikuuliza. Ukawadia mfungo mwingine.

Asubuhi moja, baada ya kunipima na kufuta kidole changu kwa pamba, hakuirudisha mashine kwenye mfuko wake. Alibaki ameishika.

"Mwalimu, naomba kikaratasi kimoja."

"Cha nini?"

"Nijipime."

Alijitoboa mwenyewe. Mashine ikahesabu, ikanyamaza, kisha badala ya namba ikatoa zile herufi mbili zinazotokea sukari ikiwa imepita uwezo wake wa kupima. Mwanabibi hakujua herufi, lakini aliijua mashine.

"Imenikataa," alisema.

"Umeanza lini kujisikia hivi?"

"Tangu mfungo wa mwaka jana."

"Mwaka mzima! Kwa nini hukusema, mama Mwamina?"

"Vikaratasi ni vyako, Mwalimu. Vinatoka Dar."

Mwaka mzima alinitoboa kidole kila asubuhi, na kidole chake kikiwa hapo hapo kando ya changu.

Nilimpeleka kliniki siku hiyo hiyo. Dada Prisila alipomwona kwenye foleni ya wagonjwa alidhani amekosea benchi. Alimwandikia vidonge, vile vile ninavyotumia mimi. Ila mimi nilipita dirisha la wenye bima, na Mwanabibi akapanga kwenye dirisha la pili, na kuanzia siku hiyo nikaanza kuyasikia majibu ya dirisha la pili: vidonge vimekwisha, rudi wiki ijayo, au nenda duka la dawa. Mshahara wake sehemu kubwa ulikuwa unakwenda kwa wajukuu Kilimarondo. Nilimlipa tarehe ile ile kila mwezi, nilimnunulia doti ya kanga kila Idi, nikajiona mwajiri mwema. Kumwandikisha bima, hata ile ya kaya, halikuwahi kunijia akilini. Nilikuwa na watu wa kunikumbusha bima yangu. Yeye hakuwa na wa kumkumbusha, isipokuwa mimi.

Nikamwambia tule chungu kimoja. Kabla ya hapo alikuwa ananipikia mimi changu, kisha yeye anakula ugali wa unga wa muhogo aliotumiwa na Mwamina, na mboga iliyobaki. Tukala pamoja wiki mbili tatu. Halafu nikamwona anaongeza ugali.

"Mama Mwamina, unajua kipimo."

"Najua. Kipimo kile ni cha mtu anayekaa kwenye kiti, Mwalimu. Mimi nachota maji, nafua, natwanga. Nikila kama wewe nadondoka."

Alikuwa amedondoka kweli siku mbili kabla, kwenye kamba ya nguo, hakuniambia.

Vidonge vilipokosekana mwezi wa pili mfululizo nilianza kumgawia vyangu. Asubuhi mimi kimoja, yeye kimoja, jioni tunaruka. Nilijiona nimetenda jambo kubwa. Tuliishi hivyo karibu miezi minne, na katika miezi hiyo sukari yake ilishuka kidogo na yangu ikapanda, mpaka daktari akaniuliza kulikoni, macho haya tuliyahangaikia sana. Teddy alikuja likizo, akahesabu vidonge kwenye kopo langu, akajua.

"Mama, unagawa dawa?"

"Mwenzangu hana."

"Nampenda mama Mwamina, unajua. Lakini wewe ukipofuka atakulea nani? Yeye? Na yeye akiwa mgonjwa vile vile?" Alikuwa anasema kwa sauti ya chini, lakini nyumba yetu haina dari, sauti huvuka ukuta. "Dawa ya mtu mmoja haitibu wawili. Inaua wote."

Kesho yake Mwanabibi aliweka mezani karatasi ya vidonge niliyompa, imebaki nusu.

"Hivi vyako."

"Chukua, mama Mwamina. Usimsikilize Teddy, ni mtoto."

"Leo umetoa kumi na tatu. Sikukuhangaikia miaka yote hii nije nikuue mwenyewe."

Nilivichukua. Ningependa kusema kwamba tulibishana sana. Hatukubishana. Nilisema "basi sawa," nikavirudisha kwenye kopo, nikafunga kifuniko.

Sukari yangu ilirudi mahali pake ndani ya mwezi mmoja. Yake sikuijua tena, kwa sababu hakuomba kikaratasi kingine, na mimi sikumpa bila kuombwa.

Kisha ikaja siku niliyong'ata jiwe kwenye wali. Miaka yote ya kukaa na Mwanabibi sikuwahi kukuta jiwe. Wiki iliyofuata akatia chumvi mara mbili kwenye mboga moja. Nikamkuta ameinamia ungo wa mchele mlangoni, uso wake karibu ugusane na punje.

"Una nini machoni?"

Hakuinua kichwa. "Nyuzi."

"Nyuzi gani?"

"Zile zako, Mwalimu. Kulia nyingi. Kushoto chache."

Wakati huo kulikuwa na tangazo redioni kwamba madaktari wa macho wanapiga kambi Nachingwea, vipimo na upasuaji bure. Tukaenda kwa basi la asubuhi. Watu walijaa uwanja mzima, wametoka Mnero, Nambambo, kila upande, wazee wameshikwa mikono na wajukuu. Wengi walikuwa na mtoto wa jicho. Wale waliopasuliwa jana yake walikuwa wanafunguliwa bandeji, na kila bandeji ikifunguliwa vigelegele vinapigwa. Bibi mmoja alimtazama mwanawe akasema, "Kumbe umezeeka hivi?" na watu wote wakacheka, sisi pia.

"Niombee iwe mtoto wa jicho," Mwanabibi aliniambia kwenye foleni. "Wewe wa Bikira Maria, mimi nimeshaomba kwetu."

Niliomba. Nilisali rozari yangu yote pale kwenye foleni. Daktari wa kambi alimwangalia kwa taa yake muda mrefu, akaondoka, akarudi na mwenzake, wakaangalia wote. Halafu akaandika barua.

"Si mtoto wa jicho, mama. Ni nyuma kabisa, kwenye pazia. Sisi hapa hatuna mashine yake. Nenda Dar, na usichelewe. Ni wiki hizi, si miezi."

Mwanabibi alipokea barua, akaikunja, akaitia kwenye pindo la kanga. Tulipita tena katikati ya vigelegele kwenda stendi.

Niliwapigia watoto wangu. Rogath akasema, "Mama, tutajipanga." Rogath si mtu mbaya. Ana familia, ana watu wengi wanaompigia simu kama hizo, na huyu hakuwa hata ndugu. Na mimi mwenyewe nilikuwa na tarehe yangu ya kurudi Dar kuangaliwa macho, wiki tano mbele. Nikasema vizuri, tutakwenda pamoja, safari moja. Daktari alisema wiki, na tano nazo ni wiki. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Tulipofika hospitali ile kubwa, Mwanabibi alikuwa amenishika mkono kama zamani, ila sasa mimi ndiye niliyekuwa nataja ngazi. Daktari alikuwa yule yule wa miwani. Alinikagua akafurahi, macho yametulia, nirudi baada ya mwaka. Mwanabibi alikaa kwenye kiti cha msindikizaji, amepakata mkoba wangu.

"Daktari," nikasema, "naomba umwangalie na huyu."

Alimwangalia pale pale, bila faili. Aliposimama hakuwa na ule uso wa kutania tena.

"Huyu anatakiwa aanze leo," alisema. "Kafungueni faili."

Pale dirishani tuliambiwa gharama ya faili, ya picha, ya mionzi kwa kila jicho. Mwanabibi akanivuta mkono tuondoke. Tukaelekezwa ofisi ya ustawi wa jamii. Dada wa pale alitupokea vizuri, akatupa viti, akatueleza kwamba mtu asiye na uwezo anaweza kusamehewa, ila lazima awe na barua ya serikali ya kijiji chake, yenye muhuri.

"Anaishi kwangu Ruangwa," nikasema. "Mimi namjua, naweza kuandika sasa hivi."

"Kitambulisho chake kinasema wapi, mama?"

"Kilimarondo."

"Basi barua itoke Kilimarondo. Mkishaipata mje moja kwa moja kwangu. Msihangaike kupanga foleni."

Nitasema na hili. Siku ile nilikuwa na akiba benki. Ilikuwa ya kujengea kaburi la mume wangu, tulishakubaliana na fundi, marumaru zilikuwa zimeagizwa. Niliifikiria nikiwa nimekaa pale kwenye kiti cha ustawi wa jamii. Nikafikiri pia kwamba barua ni kitu cha wiki moja, kwa nini nitumie cha marehemu wakati msamaha upo. Sikusema kitu. Mwanabibi hakujua habari za akiba ile, au labda alijua, maana aliishi nyumbani kwangu na hakuwa kiziwi. Teddy alikuwa anatusubiri na gari. Tukarudi Ruangwa.

Masika ilikuwa imeanza. Njia ya kwenda Kilimarondo ilikatika sehemu mbili, magari yakasimama. Mwamina alikwenda kwa mtendaji wa kijiji, akaambiwa yuko semina mjini. Akarudi, mtendaji yupo, muhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo anauguza. Kila baada ya siku mbili nilimpigia simu, mtandao unakuja unapotea, nasikia mvua ikipiga bati lake. Wiki ya nne akaniambia amepata barua. Wiki ya tano akaileta mwenyewe, sehemu kwa bodaboda, sehemu kwa miguu, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, muhuri mzima kabisa.

Lakini katika wiki ya tatu, asubuhi, Mwanabibi alikuwa ananimiminia chai, akasimama na birika mkononi.

"Mwalimu, umefunga dirisha?"

Dirisha lilikuwa wazi. Jua lilikuwa limejaa mezani.

"La," nikasema.

Aliweka birika chini polepole, akitafuta meza kwanza kwa mkono. Akafunika jicho la kushoto kwa kiganja, akafunua. Akafunika la kulia, akafunua. "La kulia limejaa damu," alisema, kwa sauti ile ile ya kunisomea namba zangu. "Limepasuka. Sasa kinachofuata ni pazia kuvutwa." Alikuwa anakumbuka kila neno aliloambiwa na daktari kuhusu macho yangu.

Tulikwenda na barua. Dada wa ustawi alitupokea kama alivyoahidi, faili likafunguliwa bure, na daktari wa miwani akamkalisha Mwanabibi mbele ya mashine. Aliangalia jicho la kulia kidogo tu. La kushoto aliliangalia sana.

"Mama," alisema, na nilisikia kwamba ana huzuni ya kweli, "la kulia pazia limechanika. La kushoto nitajaribu. Mngekuja mapema. Hata miezi miwili iliyopita tungeyaokoa yote mawili."

Mwanabibi aligeuza uso kuifuata sauti.

"Tulikuwa hapa."

"Samahani, mama?"

"Miezi miwili iliyopita. Tulikuwa hapa. Nilikaa kwenye kiti kile cha mlangoni, nimeshika mkoba wa Mwalimu."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Mwanabibi, nimeshika mkoba wangu mwenyewe.

Jicho la kushoto alilichoma kwa mionzi mara mbili. Likamwonyesha mwanga na vivuli vya watu mpaka msimu wa kuvuna mbaazi. Baada ya hapo nalo likaondoka, taratibu, bila maumivu.

Alijaribu kuendelea na kazi. Alikuwa anapapasa kila kitu, analijua jiko langu kwa vidole. Siku alipojimwagia uji mkononi Rogath alinitumia msichana kutoka Dar, na Mwamina akaja kumchukua mama yake. Wakati wa kuagana nililia sana. Mwanabibi hakulia. Alimuuliza yule msichana mpya kama anajua kukausha miguu ya mgonjwa katikati ya vidole, akamweleza kwa nini.

Kaburi la mume wangu lilijengwa Novemba. Lina marumaru. Watu wanalisifia.

Nilikwenda kumwona Januari, kwa gari la kukodi. Nilifika Kilimarondo kwenye saa tatu asubuhi. Kijiji kilikuwa kitupu. Kutoka upande wa mashamba nilisikia madebe yanapigwa na watu wanapiga kelele. Tembo walikuwa wameingia kwenye mahindi tangu alfajiri, na wote, hata wanawake wenye watoto mgongoni, walikuwa wamekwenda kuwafukuza. Nyumba ya Mwamina ilikuwa imefungwa kwa nje, kamba ya katani imezungushwa kwenye komeo.

"Hodi," nikasema.

"Nani?"

"Mimi. Dionisia."

"Fungua kamba."

Alikuwa amekaa mkekani, mgongo ukutani. Mwili wote ule umekwisha, mabega yametoka. Nikauliza kwa nini amefungiwa.

"Mwamina hunifungia wakienda kuwafukuza tembo. Mwezi uliopita nilitoka nikidhani naelekea chooni, wakanikuta katikati ya mahindi. Tembo alikuwa karibu, wanasema. Mimi nilisikia mtu anavunja matawi, nikamsalimia."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikauliza kama anapata dawa.

"Zikiwepo."

"Na chakula? Unakula nini?"

"Muhogo. Mahindi, tembo wakiyabakiza. Ming'oko, ile mizizi ya porini, akina Mwamina wakichimba." Sauti yake ikapanda. "Unaniuliza ili unielekeze, Mwalimu? Najua ninachotakiwa kula. Niulize chochote."

Huko nje madebe yalikuwa yanasogea mbali, kisha yanarudi. Nilikuwa nimemletea samaki wakavu, mchele, sabuni, na vidonge vya mwezi mmoja nilivyovinunua. Alivipapasa, akashukuru, akaviweka kando.

"Macho yako yakoje?" akauliza.

"Si mabaya."

"Sema kweli."

"Mazima. Daktari amesema nirudi mwakani tu. Nasoma hata Biblia yangu ile ndogo."

Alikunja pindo la kanga yake, akalikunjua.

"Nilidhani nikisikia hivyo nitafurahi," alisema mwishowe. "Niliyahangaikia sana macho hayo. Sijafurahi, Mwalimu. Mungu anisamehe."

Niliushika mkono wake. Aliuacha mkononi mwangu, haukunishika. Baadaye akasema Mwamina atachelewa, na dereva wangu asingependa kukaa huku na tembo karibu, ni vizuri niende. Nikasimama. Nilipofika mlangoni akaniambia, "Rudisha kamba kama ulivyoikuta, nisije nikatoka." Nikaizungusha kwenye komeo, nikaikaza, yeye akiwa ndani.

Wiki iliyopita Mwamina alinipigia. Mama amevimba miguu na uso, mkojo umekuwa mchache, anahema akilala chali. Sihitaji daktari kunieleza kwamba ni figo. Hilo nalo tulifundishwa kliniki, na aliyesikiliza hakuwa mimi.

"Mpeleke hospitali," nikamwambia.

"Hospitali ipi, Mwalimu?"

Hakuwa ananikejeli. Nilisikia anamwomba mtu kalamu na karatasi, kisha akarudi kwenye simu, akasubiri nimtajie.